Kushuka Mlima na Tela Lenye Mzigo



Tangawizi ya Myamba haina shida ya kuota. Shida yake ni njia. Shamba liko juu mlimani, na mnunuzi yuko chini. Yuko tambarare, upande wa Ndungu na Maore, au yuko Same mjini, au yuko mbali zaidi, Dar es Salaam. Mzigo lazima ushuke. Zamani ulishuka kichwani na mabegani. Siku hizi hushuka kwa pikapu na malori madogo, katika njia yenye kona nyingi, upande mmoja mlima, upande wa pili bonde.

Tuseme wewe na wenzako kumi mmechanga fedha mkanunua pikapu ya dizeli. Mavuno ni mazuri na magunia ni mengi. Mwenzenu mmoja anasimama mkutanoni na kusema, "Ndugu zangu, kwa nini tushuke mara mbili? Tununue tela, tushuke mara moja." Hesabu yake si mbaya. Tela linaweza kuwapunguzia safari nyingi. Lakini kabla ya fedha kutolewa, lazima mtu aulize swali moja: tela likijaa, ni nini kitakacholizuia lisiisukume pikapu bondeni?

Somo hili ni la swali hilo. Si somo la madereva peke yao. Mweka hazina anayelipia dizeli linamhusu. Utingo linamhusu. Na wewe unayeomba lifti na kukaa juu ya magunia, ingawa hapo si mahali pa kukaa mtu, linakuhusu kuliko wote.

Joto la madebe sita

Sugua viganja vyako kwa nguvu. Unasikia joto. Breki za gari hufanya kazi namna hiyo hiyo. Kiatu cha breki husugua ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, au pedi mbili hubana sahani ya chuma. Mwendo hupungua, na joto hutokea. Kila mara dereva anapokanyaga breki, anageuza mwendo kuwa joto. Hakuna breki ya kusugua isiyotoa joto.

Joto hilo ni kiasi gani? Tufanye hesabu. Tuseme pikapu ina uzito wa tani 2 na imebeba tani 1. Tela pamoja na mzigo wake ni tani 1 na nusu. Jumla ni tani 4 na nusu. Tuseme tena kwamba kutoka juu hadi chini ni kimo cha mita 1,000. Huu si urefu wa barabara, maana barabara huzunguka. Ni kimo, kama unavyopima kimo cha mti. Uzito huo ukishushwa kimo hicho mpaka ukasimama chini, joto linalotokea latosha kuchemsha maji baridi madebe 6, kila debe lita 20, mpaka yatokote.

Fikiri mwenyewe ni mzigo gani wa kuni unaohitajika kuchemsha madebe 6 ya maji. Moto wote huo umo ndani ya mteremko mmoja. Upepo unaolipiga gari huchukua sehemu kidogo, na matairi yanayoviringika barabarani huchukua sehemu nyingine. Linalobaki huenda mahali pawili tu: kwenye breki za magurudumu, au kwenye injini.

Sasa linganisha. Breki za magurudumu ni vipande vichache vya chuma vilivyofichwa nyuma ya matairi. Havina maji ya kuvipoza, hupozwa na upepo tu, na gari linaloshuka polepole halipati upepo mwingi. Injini ina rejeta iliyojaa maji, ina feni, tena ina bomba la kutolea hewa ya moto nje. Injini iliundwa ili iishi na joto. Breki hazikuundwa hivyo. Dereva mzuri huipa injini sehemu kubwa ya joto la mteremko, na breki huziwekea akiba.

Breki zikipata moto

Dereva anayeshuka mlima mrefu huku mguu wake uko juu ya breki wakati wote hataona kitu kwa dakika chache za kwanza. Gari linatii. Baada ya hapo huja harufu, kama ya mpira unaoungua. Watoto wanaokaa kando ya barabara za milimani huijua harufu hiyo kuliko hata madereva wengine.

Harufu hiyo maana yake ni kwamba viatu vya breki vimepata moto kupita kiasi, na mshiko wake unapungua. Ngoma ya chuma nayo ikipata moto hutanuka. Inapotanuka, inakimbia mbali na kiatu, kwa hiyo dereva hulazimika kukanyaga chini zaidi kuliko asubuhi.

Hatari ya tatu iko ndani ya mafuta ya breki, nayo haionekani kwa macho. Mafuta haya ndiyo yanayopeleka nguvu ya mguu hadi kwenye magurudumu. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya kufikia nyuzi 205 za joto. Lakini mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi. Yakishanyonya maji mengi yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka hutoa mapovu. Mafuta hayabonyei, lakini mapovu hubonyea. Dereva anakanyaga, pedali inakwenda mpaka sakafuni, na gari halisikii. Ndipo watu husema, "Gari limekata breki." Asubuhi yake breki hizo zilikuwa nzima kabisa.

Kwa sababu hiyo yafaa mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2, hata kama hayajapungua. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya tairi moja. Katika daftari la gari la kikundi, andikeni tarehe yalipobadilishwa.

Injini nayo ni breki

Umeona kwamba dereva akiwa katika gia ndogo na akaondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, gari hujizuia lenyewe. Magurudumu yanalazimika kuizungusha injini, na injini ni nzito kuizungusha. Hii ndiyo breki ya injini. Kila gari linayo bila kununua.

Lakini injini ya dizeli ina udhaifu mmoja hapa ambao watu wengi hawaujui. Injini nyingi za petroli, dereva anapoondoa mguu, hufungiwa hewa kwenye njia ya kuingilia. Pistoni zinavuta hewa na haiji, kama mtu anayevuta pumzi huku amezibwa pua. Kazi hiyo ngumu hulizuia gari. Injini ya dizeli kwa kawaida haifungiwi hewa namna hiyo. Inavuta hewa kama kawaida, inaibana, kisha hewa iliyobanwa inairudishia pistoni nguvu zile zile inaposhuka. Kwa hiyo dizeli, pamoja na nguvu zake zote za kupanda, haizuii sana wakati wa kushuka.

Ndiyo sababu ikabuniwa breki ya ekzosi. Ekzosi ni bomba la kutolea moshi. Ndani ya bomba hilo, karibu na injini, mafundi huweka kifuniko cha chuma kinachoweza kufunguka na kufunga, kama sahani inayozungushwa. Dereva akibonyeza swichi au akivuta kijiti kilicho karibu na usukani, kisha akiondoa mguu kwenye mafuta, kifuniko hufunga na dizeli hukatwa. Hewa inayotoka kwenye silinda haipati njia. Inabanwa katika bomba, na kila pistoni inayopanda kuitoa inapambana nayo.

Kama hujaelewa, chukua pampu ya baiskeli. Sukuma mpini, unakwenda kirahisi. Sasa ziba tundu kwa kidole, usukume tena. Mkono wako unakataliwa. Kidole chako ndicho kifuniko cha ekzosi, na mkono wako ni magurudumu ya gari yanayotaka kukimbia.

Dereva akikanyaga mafuta au klachi, kifuniko hufunguka na breki hiyo huacha. Kwa hiyo breki ya ekzosi haifanyi kazi gari likiwa nyutro, wala klachi ikiwa imekanyagwa. Tena hushika vizuri zaidi injini inapozunguka kwa kasi, yaani katika gia ndogo. Mtu anayeiwasha akiwa gia ya nne atasema haifai kitu. Ashuke hadi gia ya pili, ndipo ataisikia.

Malori mengi madogo yanayotoka Japani, kama Mitsubishi Canter na Isuzu, huja na breki hii tangu kiwandani. Kijiti kipo, lakini wako madereva wanaoendesha lori miaka mingi bila kujua ni cha kazi gani. Pikapu nyingi hazina. Huko Marekani pikapu kubwa za dizeli zinazovuta tela huweza kununuliwa zikiwa nayo tayari, na katika nyingine turbo yenyewe ndiyo inayobana njia ya moshi.

Watu waliojifunza jambo hili walijifunza kwa hofu. Mwaka 1931 Clessie Cummins, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya injini za dizeli yenye jina lake, alikuwa katika lori lililoshuka mlima wa Cajon, California. Breki zikaishiwa nguvu. Chini ya mlima reli ilikata barabara, na treni ya mizigo ilikuwa inapita. Lori lilipita nyuma ya behewa la mwisho, likaponea chupuchupu. Cummins hakuisahau siku ile. Alipokuwa mzee alibuni namna nyingine ya kuifanya injini ya dizeli izuie gari, kwa kuitoa hewa iliyobanwa kabla haijairudishia pistoni nguvu. Kampuni ya Jacobs ilianza kuuza kifaa hicho mwaka 1961. Hicho si breki ya ekzosi hasa, ni binamu yake, nacho kipo kwenye malori mengi makubwa.

Uongo wa nyutro

Hapa yafaa tukae kidogo, maana hapa ndipo watu wanapofia.

Dereva anapofika mwanzo wa mteremko hutia nyutro, gari likaserereka lenyewe. Wengine huzima injini kabisa. Ukimwuliza anasema, "Naokoa dizeli." Mweka hazina akisikia hivyo anafurahi. Asifurahi, kwa sababu si kweli.

Gari linaposhuka likiwa ndani ya gia na mguu wa dereva haupo kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Pampu hukata dizeli, kwa kuwa injini haiihitaji. Gari likiwa nyutro, magurudumu hayaizungushi injini tena. Ili isizimike, lazima inywe dizeli, kama inavyokunywa gari likiwa limesimama linanguruma. Kwa hiyo anayeshuka kwa nyutro ndiye anayetumia dizeli, na anayeshuka kwa gia ndiye anayeiokoa. Mweka hazina aliandike hili.

Na yule anayezima injini? Huyo haongezi dizeli, ni kweli. Lakini katika pikapu nyingi, nguvu inayousaidia mguu kukanyaga breki hutoka kwenye injini inayozunguka. Injini ikizimwa, akiba iliyobaki hutosha kukanyaga mara mbili au tatu. Baada ya hapo pedali huwa ngumu kama jiwe. Usukani unaosaidiwa na injini nao huwa mzito. Na kama ameizungusha funguo hadi mwisho na kuitoa, usukani unaweza kujifunga kwenye kona.

Tazama jinsi mwendo unavyozidi. Katika mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, gari lililo nyutro huongeza mwendo wake kwa karibu kilomita 25 kwa saa katika kila sekunde 10. Ulikuwa unakwenda kilomita 20 kwa saa. Baada ya sekunde 10 ni 45. Baada ya sekunde 20 ni 70. Hesabu kimya kimya hadi 20 uone ni muda gani. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaohitajika kusimama huongezeka mara nne. Na huko nyuma ukitaka kurudi kwenye gia ndogo, gia hazikubali kuingia kwa mwendo huo. Unabaki nyutro, na breki za magurudumu peke yake.

Nchini Kenya, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, uko mteremko wa Salgaa uliojulikana kwa ajali za malori. Miongoni mwa sababu zilizotajwa mara kwa mara ni madereva kushuka kwa nyutro ili eti waokoe mafuta. Hapa kwetu madereva wanaopita Kitonga, mkoani Iringa, au Sekenke, mkoani Singida, wanaijua tabia hiyo, na wanawajua wenzao waliokuwa nayo.

Tela halijui breki ya gari

Sasa turudi kwenye tela. Mtu mmoja mkutanoni anaweza kusema, "Basi tutafute breki ya ekzosi, tuifunge kwenye pikapu, na tela tulijaze." Hapana. Breki ya ekzosi hushika yale magurudumu tu yanayozungushwa na injini. Tela hailigusi hata kidogo. Gari linapopunguza mwendo, tela linataka kuendelea. Linasukuma kutoka nyuma.

Barabara ikiwa kavu na imenyooka, msukumo huo hupita katikati ya gari na hakuna kinachotokea. Kwenye kona, msukumo huja upande. Tairi za nyuma za pikapu zikianza kuteleza, tela huzisukuma nje, na gari na tela hukunjana kama kisu cha kukunja. Hilo likianza, hakuna dereva awezaye kulirudisha katika barabara nyembamba.

Kwa hiyo tela lenye mzigo mzito lazima liwe na breki zake lenyewe. Matela mengi madogo yanayochomelewa mitaani hayana. Ni ekseli ya gari kuukuu, mbao na chuma. Matela mengine yana breki ya kusukumwa: tela likiisukuma pikapu, mkono wa mbele hubonyea, na mkono huo huvuta breki za tela. Ni ufundi mzuri. Lakini kumbuka kwamba katika mteremko mrefu tela husukuma wakati wote, kwa hiyo breki zake nazo hufanya kazi wakati wote, zinapata moto, na dereva aliyekaa mbele hasikii harufu. Utingo ashuke kila mnaposimama, asogeze kiganja karibu na gurudumu la tela, bila kuligusa, apime joto.

Kitabu cha gari husema ni uzito gani pikapu inaweza kuvuta, tela lenye breki na tela lisilo na breki. Idadi hizo mbili hutofautiana sana. Ya pili ni ndogo. Tena idadi hizo si za kujaribu bahati katika milima kama ya Pare. Kama tela lenu halina breki, maoni yangu ni haya: litumieni tambarare, kutoka ghalani hadi kituoni, na milimani mshuke mara mbili.

Upakiaji nao una kanuni. Magunia mazito yawekwe chini na mbele kidogo ya ekseli, ili sehemu kama moja ya kumi ya uzito wa tela ikandamize kiungo. Mzigo ukizidi nyuma, tela huyumba kama mkia wa samaki. Na mnyororo wa akiba uwepo, ufungwe kwenye gari lenyewe wala usifungwe kwenye kiungo.

Namna ya kushuka

Simama kabla ya mteremko kuanza. Tazama matairi, kiungo, mnyororo na kamba za mzigo. Kanyaga breki uone pedali inasimama wapi.

Ingiza gia ndogo ukiwa bado juu. Madereva wa zamani husema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kwa gari lisilo na tela kanuni hiyo inatosha. Ukiwa na tela lililojaa, chagua ndogo zaidi ya hiyo. Washa breki ya ekzosi, ondoa mguu kwenye mafuta, uache injini ingurume. Sauti yake itakuwa kubwa na watu watageuka kukutazama. Waache watazame. Lakini injini isilie kupita kiasi. Ikianza kupiga yowe, tumia breki za magurudumu kuupunguza mwendo.

Namna ya kuzitumia ni hii: kanyaga kwa uthabiti sekunde chache mpaka mwendo upungue vya kutosha, kisha achia kabisa, zipate upepo. Mwendo ukipanda tena, kanyaga tena. Usiuweke mguu juu ya breki kidogo kidogo njia nzima. Kabla ya kona punguza mwendo wakati bado umenyooka, usisubiri ufike ndani ya kona.

Ukisikia harufu, simama mahali pa usawa. Tia mawe mbele ya magurudumu, ya gari na ya tela. Subiri. Usimwage maji kwenye ngoma za breki, maana chuma chenye moto kikipata maji ya ghafula kinaweza kupasuka.

Wakati wa vuli na masika somo linabadilika. Udongo wetu ukilowa huteleza kama sabuni. Breki ya ekzosi inaweza kuzishika tairi za nyuma kwa nguvu kuliko udongo unavyoweza kuvumilia, nazo zikateleza. Hapo izime, shuka kwa gia ndogo peke yake, polepole sana. Kama pikapu ina gia ya kuzungusha magurudumu yote manne, itie kabla ya utelezi, ili kazi ya kuzuia igawanywe mbele na nyuma. Na tela lenye mzigo katika matope? Usishuke nalo. Tangawizi si maziwa. Ikikaa siku mbili tatu ghalani haiharibiki, na jua likiwaka barabara itakauka.

Ikitokea breki zimekata, usizime injini na usitie nyutro. Kanyaga pedali haraka haraka mara nyingi. Huenda nguvu kidogo ikarudi. Vuta breki ya mkono taratibu, si kwa mkupuo. Washa taa, piga honi. Jaribu gia ndogo zaidi ikiwa mwendo unaruhusu. Ikishindikana, liegemeze gari kwenye ukuta wa mlima, ubavu usugue udongo. Bati litaharibika na gari litakwaruzika. Upande wa pili ni bonde.

Juu ya kufungiwa breki mpya

Fundi anaweza kuifunga breki ya ekzosi kwenye pikapu isiyokuwa nayo. Ulizeni kwanza kama kifaa hicho kimetengenezwa kwa injini ya aina yenu. Hewa ikibanwa kupita kiasi hufungua vali za injini wakati usio wake, na injini huumia. Kifuniko kilichochongwa kwa kukisia na bati la mtaani hakifai. Kikikwama kimefunga, gari halitapanda. Kikikwama wazi mkiwa mlimani, hamtajua mpaka mkihitaji. Kiwashwe na kujaribiwa kila wiki hata kama gari haliendi mlimani, kwa kuwa masizi hukikwamisha.

Na bei yake? Kabla ya kuilipa, hakikisheni breki za kawaida ni nzima, mafuta yake ni mapya, na dereva amekubali mbele ya mkutano kushuka kwa gia.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini injini ya dizeli huzuia gari kidogo kuliko ya petroli wakati wa kushuka?

2. Dereva wa gari mlilopanda anatia nyutro kwenye mteremko. Yeye ni mkubwa kwako kwa umri. Utamwambia nini, na kwa maneno gani?

3. Tela la kikundi halina breki. Mnunuzi anasubiri Ndungu na anataka mzigo wote leo. Mvua imenyesha usiku. Wagawanyike wanakisomo pande mbili: upande mmoja mseme mshuke, upande wa pili mseme msubiri.

4. Hesabu: gari linakwenda kilomita 20 kwa saa na linahitaji mita 6 kusimama. Likiwa linakwenda kilomita 40 kwa saa katika barabara hiyo hiyo, litahitaji mita ngapi? Na likiwa kilomita 80?